Ukurasa wa Mkunga

Ukimpelekea kiumbe usiyemjua, swali lake la kwanza lilikuwa, "Kaokotwa na nani?" Ungekuja mbio kutoka mwaloni mitumbwi inakotia nanga, kitu kinatapatapa ndani ya ndoo, watu wanakufuata nyuma wakibishana, na yeye asingekitupia jicho. Alitoa kwanza daftari kwenye mfuko wa nailoni, akafungua ukurasa mpya, akaandika jina la aliyeokota na mahali alipookota. Akishamaliza hapo ndipo alipochutama. Wenye haraka walimwona ana nyodo. Mimi nilichukua miaka mingi kuelewa, na nikaelewa kwa njia ya maumivu.

Tulimwita Bwana Samaki, kama tunavyowaita maofisa wote wa uvuvi. Wamekuja wengine baada yake, vijana wenye pikipiki na vishikwambi, nao tunawaita "Bwana Samaki mpya", hata huyu wa nne aliyeanza kuota mvi. Jina lenyewe lilishachukuliwa.

Alikuwa mtu wa pwani, wa upande wa Tanga, na sisi Wanyakyusa hatukumwacha apumzike. Mtu mrefu, mwembamba, kofia ya kiua kichwani hata mvua inaponyesha, na mvua ya Kyela haina mchezo. Wavuvi walimtania kwamba watu wa pwani wamezaliwa kwenye jamvi, wanakufa kwenye jamvi, na katikati wanasubiri wali uive. Naye alijibu, "Nyie mmekula ndizi mpaka mawazo yenu yanateleza." Kisha wanacheka wote, kazi inaendelea. Alijifunza Kinyakyusa cha kumtosha kusalimia, kushukuru na kupunguziwa bei, akakizungumza kwa lafudhi yake ya Kitanga, mama zetu wakimwambia arudie tu ili wamcheke vizuri.

Alikuwa na mambo yasiyoingiana. Ofisa wa uvuvi asiyekula samaki wa ziwani! Alisema hawana ladha, maana ziwa lenyewe limepikwa bila chumvi. Usipa wetu, dagaa ambao watu hununua Matema na kuwapeleka mikoani kwa magunia, aliwaonja kwa adabu tu, kipande kimoja, kisha akarudi kwenye maharage. Halafu mtoto huyo wa bahari alikuwa anaugua mtumbwini. Mawimbi madogo tu na uso unageuka rangi. Lakini hakukosa siku. Saa kumi na mbili asubuhi alikuwa ameshasimama mchangani, suruali imekunjwa mpaka magotini, anasubiri mitumbwi irudi. Mfukoni alikuwa na futi ya fundi cherehani, wembe, na kioo cha kukuzia chenye ufa. Kwenye mfuko mwingine kilikaa kikopo kidogo cha bati ambacho hakukifungua mbele ya watu.

Daftari lake ndilo lililonifanya mimi niwe mwalimu wa baiolojia, ingawa sikumwambia hivyo mpaka juzi. Kila ukurasa ulikuwa na mchoro wa kalamu ya risasi, vipimo, jina la Kinyakyusa, jina la Kikisi, lugha ya majirani zetu, kama lipo, na kama wavuvi wamegombana kuhusu jina, ugomvi nao uliandikwa. Alipokosea hakufuta. Alipiga mstari mmoja na kuandika pembeni: "Hapa nilikosea." Ukurasa wa kwanza kabisa una mstari huo. Alikuwa ndio kwanza amefika, akaona samaki wa mawe, mmoja wa wale wadogo wa bluu, amejaza vitoto mdomoni. Akaandika kwamba samaki huyu anakula wanawe. Mvuvi mmoja mzee alipoelezwa kilichoandikwa alicheka hadi akakaa chini. "Bwana Samaki, huyo ni mama! Anawaficha. Kaa kimya uone." Wakakaa, na baada ya muda mama akavitema vyote, vikaogelea. Bwana Samaki akapiga mstari, akaandika jina la yule mzee kuwa ndiye aliyemfundisha. Hadithi hiyo aliisimulia mwenyewe, kila mara kwa furaha ileile.

Neno lake kubwa lilikuwa "sijui". Alilisema wima, bila kukohoa, kama mtu mwingine anavyotaja shahada yake. Vijana walipoanza kumtumia picha kwenye simu, samaki mwenye uso wa mtu, nyoka mwenye vichwa viwili, alijibu kwa ujumbe uleule: "Nani kamshika kwa mkono? Wapi?" Aliyetuma akinyamaza, naye ananyamaza. Tulipomuuliza kwa nini hataji tu jina mambo yaishe, alisema, "Jina la haraka ni kifuniko. Ukishafunika, nani atachungulia tena?"

Sababu ya ukali huo alinieleza mara moja tu, nikiwa mkubwa. Alikuwa kijana, ndio kwanza ameajiriwa kule kwao. Siku moja mvuvi alimletea samaki mkubwa aliyenasa kwenye nyavu za kina kirefu, wa bluu iliyofifia, magamba magumu, mapezi yenye nyama yaliyotoka mwilini kama viganja. Ilikuwa siku ya sikukuu, naye alitaka kuwahi nyumbani. Akaandika "chewa", akaruhusu akatwe. Watu wakampika, wakasema nyama yake haina maana, wakatupa nusu. Miezi kadhaa baadaye akaona picha ya silikanti kwenye kitabu: samaki ambaye wataalamu walimjua kwanza kwenye mawe, wakaamini kizazi chake kimekwisha zamani za kale, mpaka alipovuliwa akiwa hai. Alifunga kitabu akaenda kutafuta mabaki. Kwenye kile kikopo cha bati kulikuwa na gamba moja. Aliliokota jikoni kwa yule mvuvi, kwenye majivu.

"Jina la mvuvi sikuliandika," aliniambia. "Alikuja na kitu kama kile, nami sikumuuliza hata anaitwa nani."

Sasa nifike kwenye lile la mama yangu, maana bila hilo nitakuwa nimempamba tu.

Mama ni mtu wa Busale, aliolewa Matema. Baba alipofariki aliendelea kutega migono, ile mitego ya kusuka, kwenye mdomo wa kijito kinachoingia ziwani karibu na kwetu. Mimi nilikuwa kidato cha pili. Mwaka ule kulitokea majuma mawili ambayo makokoro, nyavu zile kubwa za kukokota, yalivutwa yakatoka na majani matupu, wakati migono ya mama ilikuwa inajaa. Watu waliliona hilo. Mwenye kokoro kubwa kuliko yote pale mwaloni, aliyekuwa na vijana kumi wa kuwalipa, aliliona zaidi ya wengine.

Asubuhi moja mama akavuta mgono akakuta kitu kimejikunja ndani. Kirefu kuliko mkono wangu, kinene, rangi ya matope yenye mabaka, kinateleza. Hatukuwahi kukiona. Mama alipiga kelele, na kelele ndiyo iliyokusanya watu. Haukupita muda mwenye kokoro akasema kwa sauti kile ambacho wengine walikuwa wanakitafuna: "Ndiye huyo anayemvutia samaki. Mama huyu anafuga nyoka ziwani."

Nilimkimbilia Bwana Samaki nikilia. Niliamini akifika tu yamekwisha. Alikuja, akatoa daftari, akaandika jina la mama na la kijito, akachutama. Alitazama muda mrefu. Mama alikuwa amesimama na maji yanamchuruzika kwenye kitenge.

"Haya, Bwana Samaki," mwenye kokoro akauliza. "Ni nini?"

Najua sasa kilichokuwa kichwani mwake. Alikuwa anamwona mkunga, samaki wa umbo la nyoka anayemjua tangu utoto wake, lakini mkunga ni wa baharini, na bahari iko mbali mno na Matema. Alikuwa anakumbuka lile jiko lenye majivu. Akaapa moyoni kutotaja jina la haraka mara ya pili.

"Kitu kama hiki nakifahamu kwetu, baharini," akasema. "Lakini kimefikaje huku, sijui. Nipeni muda."

Lilikuwa jibu la kweli kabisa, na lilituangamiza. Maana watu walisikia neno moja tu: baharini. Na kwetu kila mtu anajua kinachotoka pwani na kuja kumtajirisha mtu bara. Ni jini. Bwana Samaki mwenyewe, mtu wa huko, amethibitisha kwamba kitu si cha ziwa hili! Kabla hatujafika nyumbani habari ilikuwa imetutangulia.

Yaliyofuata sipendi kuyakumbuka. Wanawake waliokuwa wakichukua samaki wa moshi kwa mama wakaanza kupita njia ya juu. Migono yake mitatu tuliikuta imekanyagwa. Kanisani, kwenye benchi letu, tulikaa mama na mimi na nafasi ya watu wanne. Shuleni waliniuliza kama nyumbani tunakula mezani na jini au linakula peke yake. Kanisani mama aliimba nyimbo zote, beti zote, kitabu kikiwa kimefungwa. Nilimchukia Bwana Samaki siku hizo kwa chuki safi ya mtoto.

Yeye alikuwa amemchukua yule kiumbe akiwa hai. Alinunua mtungi mkubwa kwa wafinyanzi wa Kikisi, akamweka humo, akabadilisha maji asubuhi na jioni, akamlisha usipa. Alipanda gari hadi mjini kupiga simu na kutuma picha kwa kila mtu aliyewahi kusoma naye. Alihesabu mapezi, akapima, akachora. Wiki tatu. Mama alipigwa zaidi na wiki zile tatu kuliko na yale maneno ya mwenye kokoro.

Jumapili ya nne, tulipotoka ibadani, tulimkuta uani mwa kanisa. Amevaa kanzu, kofia yake, na mtungi uko miguuni. Alikuwa ameomba ruhusa kwa mchungaji. Mwislamu wa pwani na mtungi wa Kikisi mbele ya kanisa la Wanyakyusa! Hakuna aliyekwenda nyumbani.

Hakuanza kwa kueleza. Alimwita mwenye kokoro kwa heshima, "Mzee wangu, wewe umevua kuliko mimi. Njoo utusomee." Akamwinua kiumbe kwa kitambaa chenye maji, akafunua nyuma ya kichwa. "Hapa unaona nini?"

Mwenye kokoro akainama. Alisita. "Matamvua."

"Nyoka ana matamvua?"

"Hana."

"Na huu mgongoni mpaka mkiani?"

"Pezi."

"Basi tuambie wewe. Mimi ni mgeni."

Yule mzee alimtazama mchungaji, akamtazama mama, akatazama chini. "Samaki," akasema.

Hapo ndipo Bwana Samaki alipoeleza. Kwamba ni mkunga, wa aina inayopanda mito. Kwamba anazaliwa kwenye kilindi cha bahari akiwa mwembamba na mwangavu kiasi kwamba unaweza kusoma gazeti kupitia mwili wake, anasafiri hadi mdomo wa Zambezi, anapanda, anaingia mto Shire, anapanda maporomoko kwa kujibandika kwenye mawe yenye maji, hadi ziwani kwetu. Ni wachache sana wanaofika. Anakaa miaka mingi, anakua, na siku moja anarudi baharini kuzaa, na huko ndiko anakofia. Wanawake walianza kusogea. Mmoja akamgusa kwa kidole, akacheka kwa utelezi wake.

Halafu akamgeukia mama. "Kosa ni langu," akasema, mbele ya wote. "Nilisema ninachojua na nisichojua, nikaondoka kutafuta jibu, nikakuacha wewe ndani yake. Nilimjali samaki kuliko mtu. Naomba radhi."

Ningependa kusema mama alimsamehe palepale. Mama alichukua kitabu chake cha nyimbo, akaondoka. Jioni alinituma kwa Bwana Samaki na ujumbe mmoja: amfute kwenye daftari. Hataki jina lake likae karibu na yule mdudu. Bwana Samaki alisoma uso wangu kabla sijamaliza kusema. Nilimwona akifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: alichukua kifutio. Akafuta jina la mama, akaacha nafasi nyeupe. Kesho yake alimrudisha mkunga kijitoni, peke yake.

Benchi letu lilijaa polepole, mtu mmoja mmoja. Wapo ambao hadi leo hawajaamini, wanasema mtu wa pwani hawezi kumkana jini wake. Lakini mwenye kokoro alimsukia mama migono mitatu mipya, akaileta, akaiegemeza ukutani. Miaka iliyofuata nilikwenda kwa Bwana Samaki karibu kila Jumamosi kusoma daftari. Mama alijua. Hakunikataza, ila aliniambia, "Ukiwa huko, usile."

Alipostaafu wote tulidhani atarudi Tanga. Akapanga vyumba viwili Matema, akapanda mchicha. Nikimuuliza, anacheka: "Mkunga akirudi baharini ndiyo safari yake ya mwisho. Nina haraka gani mimi?"

Mwaka huu mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili. Binti yake amekuja kumchukua, na safari hii hajabisha. Nilipopata habari nilikuwa nimeenda Busale kumwona mama, ambaye siku hizi analima mpunga kwenye shamba la wazazi wake. Nilimwambia naenda kuaga. Mama akaendelea kupepeta mchele, kisha akaniambia nimsubiri.

Alirudi na jiwe. Nalijua jiwe hilo. Lilikuwa linakandamiza kifuniko cha tenga la kuku. Mvua zilipobomoa ukingo wa kijito karibu na shamba ndipo alipoliokota, akalipenda kwa ubapa wake. Akaligeuza. Upande wa chini kulikuwa na uti wa mgongo mdogo, safi, na safu za magamba, vyote jiwe. Nimefundisha visukuku darasani miaka sita kwa kuchora ubaoni, na kumbe kuku wa mama walikuwa wanalindwa na kimoja.

"Mama, tangu lini?"

"Tangu masika. Nilikuwa nafikiri," akasema, akalifunga kwenye kitenge.

Tulimkuta Bwana Samaki amekaa kwenye kiti cha plastiki kibarazani, mabegi mawili yamefungwa mlangoni. Alisikia hatua za watu wawili.

"Mwalimu umekuja na nani?"

"Mugonile, Bwana Samaki," mama akasalimia.

Alimtambua kwa sauti. Akainuka, akivua kofia, jambo ambalo sijawahi kuliona. "Mugonile, mama. Karibu. Karibu sana."

Mama hakukaa. Alimwambia yeye akae, akamwekea jiwe mapajani. Vidole vyake vilitembea juu ya jiwe polepole, vikapanda uti ule mfupa kwa mfupa, vikashuka kwenye magamba. Akatoa kikopo cha bati, akakifungua, akashika lile gamba la silikanti kwa mkono mmoja na kugusa jiwe kwa mwingine. Alirudia mara tatu. Machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kujishughulisha nayo.

"Huyu si yule," akasema. "Magamba yake ni madogo. Ni wa zamani sana. Wa ziwa lililokuwa hapa kabla ya hili, au wa mto, au..." Akatabasamu. "Sijui. Mwalimu, utatafuta wewe. Daftari ni lako sasa, liko juu ya begi. Fungua ukurasa mpya." Kisha kwa sauti ya chini, kama anayeogopa jibu: "Kaokotwa na nani?"

"Mimi," mama akasema. "Niandike."

Bwana Samaki akarudisha gamba kikoponi.

"Na yule mwingine pia," mama akaendelea. "Yule wa kwenye mgono. Nilimtoa majini mimi. Nafasi yangu ipo?"

"Ipo, mama. Sikuijaza."

"Basi ajaze huyu, wewe huoni. Usije ukaandika juu ya mstari wa mtu."

Alicheka yeye kwanza, na Bwana Samaki akafuata. "Ndaga fijo," akamwambia, asante sana, kwa lafudhi ileile ya Kitanga, na mama akamwambia arudie.

Nilikaa sakafuni. Nikaandika jina la mama kwenye ukurasa wa jiwe, na Busale, na kijito. Kisha nikarudi nyuma hadi ukurasa wa mkunga. Karatasi ilikuwa imekwaruzika pale kifutio kilipopita, kalamu ikawa inakwama kidogo. Nikaliandika jina lote, la kwao na la ubatizo.

"Soma," akasema Bwana Samaki.

Nikasoma.

"Soma tena," akasema mama.